Lori la Mwisho la Mikanda

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa wakutubi na watunza kumbukumbu, walimu wetu, vijana wetu wa vyuo, na nyinyi mafundi wenzangu ambao nawaona mmejibanza viti vya nyuma,

Mwezi Oktoba 2008, katika mji wa Palm Harbor, jimbo la Florida, Marekani, lori lililosheheni mikanda ya video ya filamu za Hollywood liliondoka kwenye ghala la kampuni iitwayo Distribution Video Audio, na halikufuatwa na lori jingine. Kampuni hiyo ndiyo iliyokuwa msambazaji mkubwa wa mwisho wa mikanda hiyo nchini Marekani. Ilikuwa ikiishi kwa mabaki: inanunua kwa jumla mikanda ambayo maduka makubwa yamekwisha kuichoka, kisha inaiuza kwa maduka ya bei chee, kwa maktaba za umma na kwa meli za watalii. Hata wateja hao nao wakachoka. Siku ile hapakuwa na hotuba wala tanzia, na mwaka huohuo JVC, kampuni ya Japani iliyoleta mfumo wa VHS duniani mwaka 1976, ikaacha kutengeneza deki za VHS zinazosimama peke yake, yaani zisizounganishwa na mashine ya diski.

Nilipoombwa kuzungumza nanyi niliambiwa nieleze "mwisho wa enzi ya mkanda". Nimekubali, ila mniruhusu nibishane kidogo na namna hadithi hiyo inavyosimuliwa. Husemwa kwamba mkanda ulikufa kwa sababu diski ya DVD ilikuwa na picha safi zaidi. Hilo ni kweli, lakini mimi nimekaa miaka mingi mbele ya deki zilizofunguliwa mifuniko, na sikumbuki mteja hata mmoja aliyekuja kulalamika kwamba mistari ya picha haitoshi. Walilalamika kwamba deki imemeza mkanda, kwamba kioo kimejaa chenga, kwamba jirani amerudisha mkanda bila kuurudisha mwanzo. Sababu iliyoumaliza mkanda ilikuwa kwenye daftari la hesabu la studio, na kuielewa inatubidi turudi kwenye miaka ambayo studio hizo zilitaka mkanda usizaliwe kabisa.

Mwaka 1975 Sony ilitoa Betamax, mfumo wa deki na mikanda ambao baadaye ulishindana na VHS ukashindwa sokoni. Mwaka uliofuata, studio za Universal na Disney ziliishitaki Sony mahakamani huko California, zikidai kwamba mashine inayomwezesha mtu kurekodi filamu kutoka kwenye televisheni ni chombo cha wizi na kwamba anayeiuza ni mshiriki wa wizi huo. Kesi ilidumu zaidi ya miaka saba. Sony ilishinda katika mahakama ya kwanza, ikashindwa katika rufaa, na tarehe 17 Januari 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaipa ushindi kwa kura za majaji 5 dhidi ya 4, Jaji John Paul Stevens akiandika uamuzi kwamba kurekodi kipindi ili ukitazame baadaye nyumbani kwako ni matumizi ya haki. Miongoni mwa ushahidi ambao Jaji Stevens aliuzingatia ni maneno ya Fred Rogers, mtangazaji wa vipindi vya watoto, aliyesema kwamba yeye haoni kosa familia ikirekodi kipindi chake na kukitazama kwa saa inayowafaa. Upande wa pili alikuwapo Jack Valenti, kiongozi wa chama cha studio, ambaye mwaka 1982 aliiambia kamati ya Bunge kwamba deki kwa mtayarishaji wa filamu wa Marekani ni kama yule muuaji wa wanawake wa Boston kwa mwanamke aliye peke yake nyumbani. Tafakarini kiasi cha hofu kilichomfanya mtu mzima mwenye suti na tai aseme hivyo mbele ya wabunge, huku akizungumzia sanduku la plastiki lenye saa ya kumetameta ambayo nusu ya wenye deki hawakujua kuirekebisha.

Wakati mawakili wakibishana, wafanyabiashara wawili walikuwa wamekwisha kupita mlango wa nyuma. Wa kwanza ni Andre Blay wa Michigan, ambaye mwaka 1977 aliiandikia 20th Century Fox akaomba ruhusa ya kuuza filamu zake kwenye mikanda, akapewa filamu 50. Wa pili ni George Atkinson wa Los Angeles, aliyeona mikanda ya Blay ni ghali mno kwa mtu wa kawaida, akaweka tangazo gazetini kwamba yeye atakodisha, kisha akafungua kijiduka barabara ya Wilshire Boulevard. Alitoza dola 10 kwa siku, na kabla ya hapo mteja alipie uanachama. Studio zilikasirika, lakini sheria ya Marekani ilikuwa upande wake. Huko ipo kanuni iitwayo ya mauzo ya kwanza: ukishanunua nakala halali ya kitabu au mkanda, nakala hiyo ni mali yako, na unaweza kuiuza, kuigawa au kuiazima kwa malipo bila kumwomba ruhusa mwenye hakimiliki.

Naomba tusimame hapo kidogo, maana hiki ndicho kitovu cha mazungumzo yangu. Tangu filamu zianze, karibu hakuna mtazamaji wa kawaida aliyewahi kuwa na filamu ya Hollywood mkononi. Alinunua tiketi, akakaa gizani, akatoka na kumbukumbu. Mkanda ulikuwa mara ya kwanza kwa karani, dereva au mama wa nyumbani kuishika filamu nzima kwa mikono yake, akaiweka kabatini, akaiazima kwa shemeji, akaiona mara thelathini mpaka picha ikapauka, na studio isiwe na njia ya kumfuata. Kila mara mkanda ulipokodishwa, senti yote ilibaki dukani. Atkinson aliyajua hayo. Studio nazo ziliyajua, na hazikuyasahau.

Walichofanya ni kupandisha bei. Kwa miaka mingi filamu mpya ilitoka kwenye mkanda kwa bei ya dola 80 na zaidi, si kwa sababu mkanda uligharimu hivyo kuutengeneza, bali kwa sababu studio ilitaka kujilipa mapema kutokana na duka ambalo baadaye halitailipa tena. Mwenye duka akinunua mkanda kwa dola 80 na kuukodisha kwa dola 3, lazima utoke mara 27 ndipo aanze kuona faida, na akikosea kuchagua filamu, mkanda unamlalia rafuni. Mpangilio huu ndio uliozaa maduka makubwa ya kukodisha, likiwamo Blockbuster lililoanza Dallas mwaka 1985 na likaja kuwa na maduka yapatayo 9,000. Ndio pia uliozaa uchu wa filamu za kila aina, kwa kuwa rafu zilikuwa nyingi na filamu kubwa zilikuwa chache. Kampuni ndogondogo zikagundua kwamba zinaweza kuuza haki za video kabla ya kamera kuwashwa na kutengeneza filamu kwa fedha hizo. Filamu za kutisha za bei rahisi, za karate, za wapelelezi wasiojulikana, nyingi hazikuona ukumbi wa sinema hata wiki moja. Makao yao yalikuwa mkanda, na mkanda peke yake. Kumbukeni hili, nitalirudia.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1980, yule "muuaji wa Boston" alikuwa ndiye anayelisha familia. Mapato ya video nyumbani yalikuwa yameyapita ya tiketi za sinema. Studio zikaanza pia kujaribu bei ya chini kwa filamu zilizopendwa sana: Top Gun ilitoka mwaka 1987 kwa dola 26.95 ikiwa na tangazo la Pepsi mwanzoni, na mwaka 1995 The Lion King ya Disney iliuza mikanda zaidi ya milioni 30. Hapo studio zilionja kitu ambacho hawakukionja kwenye kukodisha. Mtoto anataka kuitazama filamu ileile kila jioni, na mzazi atanunua kuliko kukodi. Fedha ya kuuza inakwenda studio. Fedha ya kukodisha inabaki kwa jirani mwenye duka.

Ndipo ilipoingia DVD, Japani mwezi Novemba 1996 na Marekani Machi 1997. Mtu aliyeisukuma kuliko wengine ndani ya Hollywood ni Warren Lieberfarb wa kitengo cha video cha Warner, na alichokitaka hakikuwa picha safi pekee. Alitaka filamu iwe kitu cha kununuliwa, kama sahani ya muziki, kwa bei ambayo mtu hajiulizi mara mbili. Mkanda haukufaa kazi hiyo. Kila nakala ya mkanda ilibidi irekodiwe kutoka mwanzo hadi mwisho, ikiwa na sanduku lenye springi, rola na skrubu tano. Diski hugongwa kwenye mashine kwa sekunde chache, ina uzito wa gramu kumi na kitu, na rafu iliyokuwa ikibeba mkanda mmoja inabeba diski mbili. Studio zikaiuza diski kwa dola 20 hivi tangu siku ya kwanza, na tajiri wa maduka makubwa akaipanga karibu na mlango.

Yaliyofuata yalikwenda haraka, na sitayachelewesha. Mwezi Juni 2003, kwa mara ya kwanza, Wamarekani walikodi diski nyingi kuliko mikanda. Maduka makubwa ya vifaa vya umeme yalikuwa yamekwisha kuondoa mikanda kwenye rafu zao. Filamu ya David Cronenberg, A History of Violence, iliyotoka kwenye mkanda mwaka 2006, ndiyo inayotajwa mara nyingi kuwa ya mwisho miongoni mwa filamu kubwa za Hollywood kutolewa kwa VHS. Baada yake ni yale mabaki, na baada ya mabaki ni lile lori la Palm Harbor.

Ndugu zangu, mnaweza kuniuliza: sisi yanatuhusu nini? Kwa sehemu kubwa hayatuhusu, na sipendi tabia ya kulazimisha kila jambo la dunia lipite Kariakoo. Lakini kuna mahali linatugusa kweli. Mkanda wa Marekani haukuchezeka kwenye deki zetu za kawaida, kwa sababu Marekani ilitumia mfumo wa televisheni wa NTSC nasi tulitumia ule wa PAL. Jamaa aliyekuwa Dubai au Muscat alipoagizwa deki aliambiwa alete "ya mifumo yote", na aliyesahau alileta chombo kilichotoa picha nyeusi na nyeupe inayoporomoka kama maji. Kwa hiyo filamu za Hollywood zilitufikia kwa njia za pembeni, zikiwa nakala ya nakala ya nakala, rangi zimetoka nje ya mistari yake, na nyingi zikiwa na kitu ambacho studio haikukitia: sauti ya msimulizi. Bara tulikuwa na Lufufu, aliyesimulia kwa Kiswahili juu ya maneno ya waigizaji, akiwapa majina mapya na tabia mpya. Kenya wanaye DJ Afro. Kampala walikuwa na wasimulizi wao waliotumia Kiganda. Kwenye kibanda cha video watu walilipia usimulizi kama walivyolipia picha, na mara nyingine zaidi.

Sasa angalieni. Filamu ya Kimarekani yenyewe ipo salama, imehamishiwa kwenye diski na leo ipo kwenye intaneti. Lakini ile sauti iliyorekodiwa juu yake ipo kwenye mkanda uliowekwa chini ya kitanda cha mtu huko Manzese au Ng'ambo. Hollywood haina sababu ya kuihamisha, wala haijui kama ipo.

Hali hiyohiyo iko kwao. Zile filamu ndogo nilizozitaja, zilizotengenezwa kwa fedha za rafu, nyingi hazikufika kwenye diski kamwe, kwa kuwa kampuni zilizozimiliki zilifilisika, au haki za muziki wake zilikuwa zimefungwa kwa mkanda peke yake, au hakuna aliyeona faida. Mwaka 2015 maktaba ya Chuo Kikuu cha Yale ilinunua mikanda ya VHS ipatayo 2,700, zaidi ikiwa ni filamu za kutisha na za bei rahisi za miaka ya 1970 na 1980. Huko Seattle lipo duka liitwalo Scarecrow Video ambalo tangu 2014 linaendeshwa kama asasi isiyo ya kibiashara, na sehemu ya hazina yake ni mikanda ambayo filamu zake hazipatikani kwa njia nyingine. Nilipoanza ufundi, mtu akiniambia kwamba Yale itanunua mikanda ya mazimwi na misumeno, ningemwuliza kama amekula.

Sasa nije kwenye deki, maana mimi ni mtu wa deki. Nimeleta moja, hii hapa mezani. Nikifungua mfuniko mtaona pipa dogo linalong'aa, lenye kipenyo cha milimita 62, limelazwa kwa mshazari. Kwenye ukingo wake zimo hedi, yaani vinasa na visomaji vya picha, ndogo kuliko punje ya mtama. Mkanda wenye upana wa milimita 12.7 unavutwa kutoka kwenye kaseti, unazungushwa nusu ya pipa hilo, na unasogea taratibu, sentimita 2.3 tu kwa sekunde katika mfumo wetu, huku pipa likizunguka mara 1,500 kwa dakika na hedi zikichora mistari ya mshazari juu ya mkanda. Kaseti ya saa tatu ina karibu mita 260 za utepe huo. Utepe ni plastiki iliyopakwa unga wa sumaku kwa gundi, na gundi ile inapenda maji. Kwenye hewa yetu ya pwani inavuta unyevu, inalainika, inaacha unga kwenye hedi, na juu ya mkanda unaota ukungu mweupe. Mtu asiyejua akiutia mkanda wenye ukungu kwenye deki nzuri, ameharibu vyote viwili. Nami nakiri kwamba nilifanya hivyo zaidi ya mara moja, tena kwa mikanda ya harusi za watu, na nikawarudishia nikisema "ulikuja hivyohivyo".

Lakini kwa wakutubi, mkanda si ndio wa kwanza kufa. Wa kwanza kufa ni deki. Kampuni ya mwisho duniani kutengeneza deki za VHS ilikuwa Funai Electric ya Japani, ambayo ilipofika kilele iliuza deki milioni 15 kwa mwaka. Mwaka 2015 iliuza 750,000, idadi ambayo kwangu mimi bado ni kubwa, na mwisho wa Julai 2016 ikafunga kazi, ikisema kwamba vipuri vimekuwa vigumu kupatikana. Sony nayo ilikuwa imeacha kutengeneza mikanda ya Betamax mwezi Machi mwaka huohuo. Aliyeshindwa vita alizikwa miezi minne tu kabla ya mshindi, na sijui kama huo unaitwa ushindi.

Tarehe hiyo ya Funai ina uzito ambao wengi hawauoni. Sheria ya hakimiliki ya Marekani, katika kifungu cha 108, inairuhusu maktaba kutengeneza nakala hadi tatu za kazi iliyochapishwa iwapo mfumo uliohifadhi kazi hiyo umepitwa na wakati na nakala nyingine haipatikani kwa bei ya haki baada ya kuitafuta ipasavyo. Na mfumo "uliopitwa na wakati" sheria imeutafsiri wazi: ni ule ambao mashine yake haitengenezwi tena, au haipatikani tena sokoni kwa njia ya kawaida. Kwa hiyo kabla ya Julai 2016 mkutubi wa Marekani aliyetaka kunakili filamu iliyobaki kwenye VHS angeweza kubishiwa kwamba deki bado zinatoka kiwandani Japani. Kiwanda kilipofungwa, mlango wa sheria ukafunguka. Na siku hiyohiyo hesabu ya deki zitakazoweza kuutumia mlango huo ikaanza kupungua, wala haitapanda tena. UNESCO na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, IASA, walitoa tahadhari kuhusu kanda za sumaku kabla ya 2020 kwisha, na hifadhi ya taifa ya filamu ya Australia ilikuwa imekwisha kuutaja mwaka 2025 kama mwaka ambao kisichohamishwa kitakuwa hatarini kupotea. Mwaka huo hauko mbele yetu tena.

Nimesikia vijana wakisema kwamba hayo yote yametatuliwa na intaneti. Naomba nitofautiane nao bila ugomvi. Netflix, iliyoundwa 1997 na kuanza kutuma diski kwa posta mwaka uliofuata, ilituma diski yake ya mwisho Septemba 2023. Anayetazama sasa kwa intaneti hana nakala; ana ruhusa ya mwezi huu. Filamu ikiondolewa jioni, asubuhi haipo, na hana cha kumwazima shemeji. Kile ambacho Valenti alikiogopa, mtazamaji kuwa na filamu mkononi, kimemalizwa bila kesi yoyote na bila Bunge, kwa makubaliano ambayo sote tuliyabonyeza bila kuyasoma. Sisemi turudi kwenye chenga. Nimetumia spiriti na vipande vya ngozi laini kusafisha hedi kiasi cha kutosha maisha mawili. Nasema tu kwamba mkanda ulikuwa na sifa hiyo, na diski ilibaki nayo kidogo, na kilichofuata hakina.

Deki hii niliyoileta ni ya mifumo yote. Hedi zake nilizipima wiki iliyopita na bado zina uhai, ingawa mkanda wa mpira unaozungusha rola nimeutoa kwenye deki mbovu, na nimebakiwa na mikanda ya mpira minne ya aina hiyo. Nimekubaliana na wenyeji wetu kwamba itabaki hapa kwa miezi mitatu, kila Jumanne na Alhamisi, nami nitakuwapo. Mwenye mkanda wenye sauti ya msimulizi aulete kwanza, kabla ya mwenye filamu ambayo ipo kwenye diski. Msiutie kwenye deki yoyote nyumbani kuujaribu, na ukiwa na ukungu leteni ukiwa umefungwa kwenye mfuko.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.